Bibi Anacheka Nini?

Wajukuu zangu, hadithi ya leo ni ya Bariadi, mtaa wa Somanda.

Binti mmoja wa darasa la sita alimrekodi bibi yake kwa simu. Bibi alikuwa amechemsha viazi vitamu, sasa anavikata vipande na kuvianika juani viwe matobolwa. (Vikikatwa vibichi ni michembe, msichanganye!) Katikati ya kazi akainua kisu, akasema, "Matobolwa hayahitaji friji. Yanahitaji meno!" Akacheka mwenyewe, pengo la mbele likaonekana lote.

Binti akawaonyesha wenzake shuleni. Wakacheka hadi machozi, isipokuwa rafiki yake, ambaye ni kiziwi. Huyo alichukua daftari akaandika: "Bibi anacheka nini?"

Jioni ile binti akamwomba kaka yake programu ya kuhariri video, aweke manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Programu ilijitolea kusikiliza na kuandika yenyewe. Lakini bibi alikuwa ameanza kwa kusalimia, "Mwangaluka!" Programu haikujua Kisukuma, ikaandika "Mwanga ruka". Matobolwa nayo yakawa "matobo"! Binti akagusa kila neno lililokosewa, akaliandika upya kama bibi alivyolitamka.

Bado kulikuwa na kasoro. Maneno yote ya utani wa bibi yalitokea kwa mkupuo, hivyo msomaji aliyafikia meno kabla bibi hajayataja. Utani umekufa! Hapo kaka akamfungulia faili la manukuu, akaona hivi:

2
00:00:12,000 --> 00:00:16,000
Matobolwa hayahitaji friji. Yanahitaji meno!

Namba ya kwanza ni zamu ya maandishi. Kisha ni saa, dakika, sekunde, na baada ya koma, sehemu za elfu za sekunde: wakati wa kutokea, halafu wakati wa kupotea. Binti akaikata sentensi vipande viwili. Friji ikapewa sekunde ya 12 hadi 14, meno yakasubiri mpaka bibi alipofungua kinywa. Mwishoni akaongeza [bibi anacheka], kwa sababu kicheko nacho ni sauti, na asiyesikia ana haki ya kujua kuwa kimesikika.

Nami nafurahi kwamba manukuu kwa wasiosikia yana historia ya jikoni. Mwaka 1972, huko Boston, Marekani, kipindi cha mapishi cha Julia Child kilirushwa kwenye televisheni kikiwa na manukuu kwa ajili ya viziwi. Yale yalikuwa yamegandishwa kwenye picha, kila mtazamaji aliyaona. Manukuu ya kuwasha na kuzima yalianza kurushwa Marekani tarehe 16 Machi 1980, na ili kuyaona ulipaswa kununua kisanduku maalumu cha kuunganisha na televisheni. Leo mnayawasha kwa kugusa kioo cha simu.

Asubuhi binti akampa rafiki yake simu. Rafiki akatazama viazi, akatazama kisu, akasoma friji. Akasubiri. Meno yalipotokea, alicheka sambamba na bibi.

Nanyi mkimaliza kuweka manukuu yenu, zimeni sauti kabisa, muitazame video kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkikwama mahali, rudini mparekebishe kabla hamjamtumia mtu.