Kazi ya Profesa wa Vyura



Mwishoni mwa muhula uliopita mwalimu wetu wa darasa alituuliza mmoja mmoja tunataka kufanya kazi gani baada ya masomo. Wengi walijibu udaktari, uhandisi na uanasheria. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nataka kusoma habari za vyura." Darasa zima liliangua kicheko, na tangu siku hiyo huko bwenini naitwa Bwana Chura.

Jina hilo halinisumbui. Lililonisumbua ni swali la baba yangu wakati wa likizo. Baba ni mkulima wa mpunga, na nauli yangu, madaftari yangu na sare zangu hutoka katika mpunga huo. Aliposikia habari hii alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, vyura wamejaa majarubani. Ni nani atakayekulipa mshahara kwa kumtazama chura?" Sikuwa na jibu, nami nikanyamaza kwa adabu. Niliporudi shuleni nilitafuta maktabani na kumwuliza mwalimu wetu wa biolojia. Haya nitakayoyaeleza ndiyo jibu langu kwa baba, na huenda yakawafaa wazazi na wanafunzi wengine pia.

Kwanza yafaa tujue elimu yenyewe. Elimu ya wanyama watambaao pamoja na amfibia huitwa hepetolojia, neno lililotoka katika lugha ya Kiyunani, lenye maana ya kiumbe kitambaacho. Reptilia ni kama nyoka, mijusi, kinyonga, kobe na mamba. Amfibia wako wa namna tatu: vyura, salamanda, wanaofanana na mijusi lakini ngozi yao ni laini na yenye unyevu, na wale wasio na miguu, wanaoishi udongoni na kufanana na nyungunyungu wakubwa. Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna salamanda hata mmoja.

Profesa ambaye nimesoma habari zake zaidi ni David Wake wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1936 katika mji mdogo wa Webster, jimbo la South Dakota, nchi ya mashamba. Baadaye familia yake ilihamia upande wa magharibi, katika jimbo la Washington. Huko alijiunga na chuo kidogo karibu na mji wa Tacoma. Inasemekana kwamba alipokuwa akitafuta wadudu kwa ajili ya somo lake alifunua magogo msituni, na chini ya magogo hayo akawakuta salamanda. Wadudu wakasahauliwa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1958, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Southern California, ambako alipata shahada ya pili mwaka 1960 na ya udaktari mwaka 1964.

Hapa ningependa kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Shahada ya kwanza mtu huipata kwa kujifunza yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Shahada ya udaktari haipatikani hivyo. Mwanafunzi hutakiwa kuuliza swali ambalo bado halijajibiwa, kulitafutia jibu kwa mikono yake mwenyewe, na kuandika jinsi alivyolipata ili wengine waweze kumkosoa. Swali la Wake lilihusu mifupa. Alilinganisha mifupa ya salamanda wa jamii moja kubwa ili ajue nani ni ndugu wa nani, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1966. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1969 alihamia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1998 aliongoza jumba la makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo la chuo hicho.

Jumba hilo si la kuonyesha wageni wanyama waliojazwa pamba. Ni ghala ya elimu. Kila chura na kila nyoka aliyehifadhiwa humo ana kibandiko kinachotaja mahali alipopatikana, tarehe, na jina la aliyemkamata. Mwalimu wetu alitwambia kwamba mnyama asiye na kibandiko ni mzoga tu. Mkurugenzi wa kwanza wa jumba hilo, Joseph Grinnell, aliwataka watu wake waandike daftari kila siku wawapo porini: wameona nini, wangapi, wapi. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sasa, Wake aligundua nini kwa wale salamanda wake? Jamii aliyoisoma haina mapafu kabisa. Wao hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Mtu angedhani kukosa mapafu ni hasara tupu, lakini Wake na wenzake walionyesha upande wa pili. Salamanda wengine huhitaji mifupa ya kooni ili kusukuma hewa iingie mapafuni. Hawa wasio na mapafu hawana haja hiyo, kwa hiyo mifupa ile iliachwa huru kufanya kazi nyingine, yaani kurusha ulimi. Baadhi yao huweza kuutupa ulimi nje hadi kufikia asilimia 80 ya urefu wa kiwiliwili chao, wakamnasa mdudu kabla hajajua kuna hatari.

Jambo la pili ni la salamanda aitwaye Ensatina. Huyu anaishi katika milima inayolizunguka bonde kubwa la California. Upande wa pwani ana rangi moja, upande wa bara ana mabaka. Mwaka 1949 Robert Stebbins, aliyekuwa pia mwalimu wa Berkeley, alieleza kwamba salamanda hao walitoka kaskazini wakashuka kusini kwa njia mbili, wakibadilika kidogo kidogo. Ili kulielewa hili, fikiri vijiji vinavyolizunguka ziwa. Kila kijiji kinaelewana na jirani yake kwa lugha, ingawa matamshi yanatofautiana kidogo. Lakini mahali ambapo ncha mbili za duara zinakutana, watu wa kijiji hiki hawaelewani na wa kijiji kile. Ndivyo ilivyo kwa Ensatina. Majirani huzaliana njia nzima, lakini wa pwani na wa bara wakutanapo kusini, ni nadra sana kuzaliana. Wake na wanafunzi wake walilipima jambo hili kwa protini na baadaye kwa DNA, wakaona kwamba historia yenyewe ina mikunjo mingi kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo sisi tunaosoma mada ya mabadiliko ya viumbe tunaona hapa jinsi aina moja inavyoweza kugawanyika na kuwa mbili.

Lau kazi ya profesa huyu ingeishia hapo, swali la baba bado lingekuwa na nguvu. Lakini katika miaka ya 1980 lilitokea jambo la kutisha. Katika milima ya Sierra Nevada, ambako zamani vyura walikuwa tele, watafiti walianza kurudi mikono mitupu. Mwaka 1989 wanahepetolojia wa dunia walikutana kwa mara ya kwanza huko Canterbury, Uingereza. Walipokaa na kuzungumza, kila mmoja aliona kwamba habari yake ni ile ile ya mwenzake: vyura wanapotea, hata katika hifadhi ambako hakuna aliyekata mti. Mwaka uliofuata Wake aliongoza mkutano wa kulichunguza jambo hilo.

Lakini utajuaje kwamba kitu kimepungua ikiwa hukujua kilikuwa kingapi? Hapo ndipo madaftari ya Grinnell yalipofaa. Watafiti walikwenda katika sehemu zile zile za Yosemite zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakalinganisha, wakaona wazi kwamba vyura wengi hawapo tena. Mwaka 1998 wataalamu walieleza sababu mojawapo kubwa, nayo ni kuvu anayeshambulia ngozi ya amfibia. Kwa kuwa chura hunywa maji na kupumua kwa ngozi, ugonjwa wa ngozi kwake ni kifo. Mwaka 2000 Wake alianzisha orodha ya amfibia wote wa dunia katika intaneti, iitwayo AmphibiaWeb, ili mtu yeyote aweze kuisoma bure. Aliendelea na kazi hata alipozeeka, akafariki mwaka 2021.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Marekani. La, yametufikia hata sisi. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walimwona chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa akijulikana. Urefu wake haufiki sentimita 3, na hazai mayai bali huzaa watoto kamili. Mwaka 1999 alitangazwa rasmi kwa jina la Nectophrynoides asperginis, na mmojawapo wa wataalamu wanne waliomwandika alikuwa Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye pia ameshiriki kuandika vitabu vya reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki. Makao ya chura huyu yalikuwa kama hekta 2 tu, penye manyunyu ya maporomoko ya maji.

Maji hayo ndiyo yaliyotakiwa kutoa umeme. Bwawa lilipoanza kazi, manyunyu yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni. Vyura waliobaki waliendelea kwa muda, lakini mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na yule kuvu akaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam na kutunzwa chuoni, na mwaka 2012 wengine wakapelekwa tena Kihansi.

Sisemi kwamba umeme haukuhitajika. Taa ninayosomea usiku ni ya umeme, na bila hiyo nisingeandika haya. Ninachosema ni kwamba kama wataalamu hawakuwa wamefika korongoni mapema, tungempoteza chura yule bila hata kujua kwamba tulikuwa naye.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, lakini wao walizisikia kelele hizo kila masika, na pengine hawakupata kujiuliza itakuwaje zikikoma. Chura hula wadudu wa mashamba yetu, naye huliwa na ndege na nyoka. Ngozi yake laini hupokea sumu na ugonjwa upesi. Chura akinyamaza, yafaa mwenye ng'ombe ayatazame maji kabla hajanywesha.

Basi baba, shikamoo. Uliniuliza ni nani atakayenilipa kwa kumtazama chura. Hulipwa na vyuo, majumba ya makumbusho, hifadhi za taifa, na hata wajenzi wa mabwawa, ambao hutakiwa kupima mazingira kabla hawajajenga. Nafasi zao si nyingi, wala sitakuficha hilo, na njia ni ndefu: kidato cha tano na sita chenye kemia na biolojia, kisha shahada tatu. Lakini hata sasa nimeanza. Nimenunua daftari la kurasa 96, na kila usiku kabla ya kengele ya kulala nasikiliza vyura wa bwawa lililo nyuma ya bustani ya shule, nikiandika tarehe, mvua, na sauti ngapi tofauti nimezisikia. Hadi leo nimehesabu sauti nne. Nikija likizo, naomba unipeleke majarubani usiku mmoja, maana wewe umewasikia miaka mingi kuliko mimi. Uniambie kama ni wengi kama zamani.

Kwa hayo naweka kalamu chini.

Mwanafunzi, Kidato cha IV B