Kuziba Tundu la Tumbo: Uzi, Gundi au Utandu wa Mafuta?

Tumbo la binadamu hutoa asidi kali inayosaidia kumeng'enya chakula. Ukuta wake haudhuriki kwa kuwa umefunikwa na ute. Kinga hiyo ikidhoofika, hutokea kidonda. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, waligundua kwamba vidonda vingi vya namna hiyo huletwa na bakteria. Vingine husababishwa na dawa za maumivu kama vile aspirini. Kidonda huponywa kwa dawa, lakini kikichimba hadi kutoboa ukuta, asidi na chakula humwagika katika fumbatio. Hapo mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali, na kwa kawaida hana budi kupasuliwa ili tundu lizibwe.

Tundu huzibwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kushona kingo zake kwa uzi. Ubaya wake ni kwamba kingo za kidonda huwa zimevimba na kulainika, hata uzi huweza kuzikata. Ya pili ilielezwa na Roscoe Graham wa Kanada mwaka 1937: mpasuaji huvuta kipande cha utandu wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, akakifunga kwa nyuzi juu ya tundu. Utandu huo una mishipa mingi ya damu, nao hunata upesi mahali palipojeruhiwa. Ya tatu ni kuziba kwa kizibo laini na gundi iliyotengenezwa kwa protini zinazogandisha damu.

Njia hiyo ya tatu ilipata umuhimu mwaka 1990, upasuaji wa matundu madogo ulipoanza kutumika kwa ugonjwa huu. Katika upasuaji huo fumbatio hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kisha kamera na vyombo virefu hupitishwa katika matundu machache. Kufunga fundo kwa vyombo hivyo ni kazi ngumu, gundi huiepusha. Mwaka 1996 wapasuaji wa Hong Kong walichapisha ulinganisho wa wagonjwa zaidi ya 100. Waliotibiwa kwa matundu madogo walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi, lakini upasuaji wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi. Gundi iliokoa muda, ingawa uchunguzi wa baadaye uliitilia shaka kwa sababu ya kuvuja.

Je, hapa Tanzania hali ikoje? Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti walichunguza wagonjwa 84 waliotibiwa kati ya mwaka 2006 na 2011. Tundu la wengi wao lilikuwa katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, hatua chache baada ya tumbo. Asilimia 83.3 walizibwa kwa njia ya Graham. Hata hivyo, asilimia 10.7 walifariki. Nusu ya wagonjwa walikuwa wameugua kwa zaidi ya siku 5 kabla ya kufika. Katika muda huo bakteria huenea katika fumbatio lote, na sumu yao huingia katika damu. Tundu likizibwa vizuri namna gani, madhara hayo hayafutiki mara moja.

Somo hilo lina uzito kwa mahali kama Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida. Eneo hilo, lijulikanalo kwa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani, lipo penye mteremko unaoshuka kuelekea mbuga ya Wembere. Hospitali ya wilaya ipo Kiomboi, na hospitali kubwa za rufaa zipo mbali zaidi. Kamera na gesi ni vifaa vya gharama, lakini utandu wa mafuta kila mgonjwa anao mwilini mwake. Kwa hiyo, mtu aliyeshikwa na maumivu ya ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao, asile wala asinywe chochote, asimeze dawa ya maumivu, bali apelekwe hospitali saa ileile. Njia ya kuziba huchaguliwa na mpasuaji. Muda wa kufika huamuliwa na walio karibu na mgonjwa.