Je, Kutoamini Nako ni Imani?

Rafiki yangu mmoja hapa Frere Town hamwamini Mungu. Majuzi, katika matanga ya mamaye, mzee mmoja alimwambia: "Mwanangu, huko kukana kwako nako ni imani." Akanyamaza.

Pale Kengeleni ingali imetundikwa kengele ya makao haya, waliyoyaanzisha wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Yasimuliwa kwamba ililia adui alipokaribia. Je, aliyelala kwa kuwa hakuisikia alihitaji imani? Hasha! Alikosa tu sababu ya kuamka. Bali aliyeapa kwamba adui hayuko kokote, huyo alisema zaidi ya alichokijua. Naye aliegemea imani.

Mimi ni muumini. Nasadiki kwamba kengele nimeisikia. Lakini siwezi kumlazimisha mwenzangu aisikie, na Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 chatulinda sote wawili. Ndugu msomaji, imani yetu tuiite imani bila haya, na asiyesadiki tusimvike kanzu asiyoishona. Tumpishe mkekani, amlilie mamaye.