Nyumbu 99,481: Hesabu ya Profesa Grzimek na Waliolipa Gharama

Januari 1958 Wajerumani wawili, baba na mwana, waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo ya Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakaanza kuhesabu. Walipomaliza walikuwa na jumla ya wanyama 366,980. Nyumbu walikuwa 99,481, pundamilia 57,199, swala tomi na swala granti 194,654. Ukimsomea mtu namba ya namna hiyo, inayoishia na 1, anaondoka akiamini kwamba kila nyumbu aliitwa kwa jina akaitikia.

Hawakuitikia. Lakini kwanza tumjue mhesabu.

Bernhard Grzimek alizaliwa mwaka 1909 huko Neisse, Silesia, mji ulioko Poland leo. Alisomea udaktari wa mifugo, na jambo hilo lishike, tutalirudia. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt ikiwa kifusi cha vita, akaiongoza hadi 1974. Cheo kilikuwa cha mezani, mwenyewe hakuwa wa mezani. Aliingia misitu ya Kongo kumtafuta okapi, na akikaribia miaka 50 akajifunza urubani pamoja na mwanawe Michael ili warushe ndege yao wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika.

Safari hiyo ilitokana na fedha. Filamu waliyoitoa mwaka 1956 kuhusu wanyama wa Afrika kukosa pa kuishi iliwaingizia kipato kizuri, na profesa akataka kukitumia kununua ardhi iongezwe kwenye hifadhi. Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa Tanganyika, akampa ushauri mwingine: serikali ya kikoloni iko mbioni kubadili mipaka ya Serengeti, na hakuna anayejua wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Nenda kahesabu. Kwa hiyo mapato ya sinema yakageuka ndege, mafuta na miezi ya kazi porini.

Sasa tuipime hesabu yenyewe. Waliigawa mbuga vipande, wakapita juu yake mistari kwa mistari, wakihesabu kwa macho huku ndege ikienda. Mwaka 1961 watafiti wengine walipata nyumbu wapatao 263,000. Kutoka 99,481 hadi 263,000 ndani ya miaka 3? Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Hata tukikubali ukuaji usiowezekana wa asilimia 30 kila mwaka, 99,481 wangefika kama 218,500 tu. Kati ya 1961 na 1977 kundi lilipanda hadi takriban milioni 1.3, yaani wastani wa asilimia 10 na nusu kwa mwaka. Ukirudi nyuma kutoka 1961 kwa kasi hiyohiyo, mwaka 1958 unakuta nyumbu kama 195,000, na huenda zaidi, kwa sababu wakati huo ugonjwa wa sotoka bado ulikuwa unaua ndama. Kwa hesabu yangu, basi, Grzimek alimwona nyumbu mmoja katika kila wawili.

Simlaumu. Jaribu kuhesabu kundi la maelfu likiwa linakimbia chini yako, vumbi limetanda, na ndege haisimami. Kosa ninaloliona mimi si hilo analotupiwa yeye. Kosa liko kwa wanaoendelea kuichukua 366,980 kama takwimu, wakati thamani yake ni kwamba ilikuwa ya kwanza. Tena kazi yao iliyodumu zaidi ni nyingine: waliwavisha wanyama mikanda ya rangi shingoni, wakafuatilia makundi kutoka angani, wakaonyesha kwamba uhamaji haufuati mstari uliochorwa ofisini.

Swali kubwa ni kilichowazidisha nyumbu kutoka 263,000 hadi milioni 1.3. Jibu ni kutoweka kwa sotoka. Ugonjwa huu ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 uliangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walipochanjwa kwa wingi miaka ya 1950, virusi vilikosa pa kujificha, na kufikia 1963 vilikuwa vimetoweka kwa nyumbu. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Aliyechomwa ni ng'ombe, mnyama yuleyule ambaye Grzimek, daktari wa mifugo, aliamini hana nafasi ndani ya hifadhi, yeye na mchungaji wake. Msimamo wa profesa ulikuwa wazi: hifadhi ya taifa isiwe na watu, hata wenyeji.

Gharama ziliangukia watu tofauti. Tarehe 10 Januari 1959 tai aligonga bawa la ile ndege yenye mistari, ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake akalazwa hapo baada ya kufariki 1987. Filamu yao ya kazi hii, "Serengeti darf nicht sterben" (Serengeti haipaswi kufa), ikapata Oscar mwaka 1960.

Mipaka haikumsubiri mtu. Mwaka huohuo wa 1959 Ngorongoro, kilomita za mraba zipatazo 8,300, ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakaondoka upande wa hifadhi. Serengeti ikaongezewa eneo la kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Leo ina kilomita za mraba 14,763.

Kisha fedha zikaanza kuingia, na hapa profesa alicheza karata. Katika kipindi chake cha televisheni alitangaza kwamba mtu anaweza kwenda likizo ya wiki tatu Afrika Mashariki kwa mark 2,100 hivi, kama dola 500 za wakati ule. Safari hiyo haikuwepo. Watazamaji wakayasumbua mawakala wa usafiri mpaka ikawepo. Leo kiingilio tu cha mgeni Serengeti msimu wa juu ni dola 70 kwa saa 24, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 zinakuwa 82.60. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 1.8. Huo ni uongo wa televisheni uliozaa kuliko sera nyingi.

Na Ngorongoro? Mwaka 1959 ilikuwa na wakazi wapatao 8,000, kama mtu mmoja kwa kilomita ya mraba. Sasa wanakadiriwa kuwa 100,000 na zaidi, na tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia Msomera, wilayani Handeni. Wanaoutetea uhamisho huo huanza na idadi ya watu. Waanze na mwaka 1959: sehemu ya watu hao ni watoto na wajukuu wa walioondolewa Serengeti kwa ahadi kwamba Ngorongoro ndiyo nafasi yao, na thamani ya malisho waliyoyaacha haimo katika jedwali lolote la Grzimek.