Njia ya Oksini

Mche wa nyanya ulioachwa karibu na dirisha huinamia nje, na watu husema unatafuta jua. Ndani ya shina, kinachotokea ni kwamba upande wa kivulini unarefuka haraka kuliko ule wa mwangani, shina likapinda. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba chipukizi la nyasi likivikwa kofia isiyopitisha nuru kwenye ncha halipindi, ingawa mpindo wenyewe hutokea chini ya ncha. Basi kuna kitu kinachoshuka kutoka juu. Frits Went wa Utrecht, katika miaka ya 1920, alikinasa kwenye vipande vya agari. Leo tunakiita oksini. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba mwanga unaiharibu homoni hiyo upande mmoja. Winslow Briggs na wenzake walilipima wazo hilo mwaka 1957 kwa ncha za mahindi: jumla ya oksini ilikuwa ileile gizani na mwangani, ila upande wa kivulini ulitoa karibu maradufu ya ule mwingine. Ncha ilipogawanywa kabisa kwa kioo chembamba, tofauti ikatoweka. Kiasi hakikubadilika; kilichobadilika ni njia, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufunguo wa ukuaji wa mche ulipo.

Njia hiyo ina mwelekeo wake. Kipande cha shina changa kikigeuzwa juu chini, oksini bado hutoka mwisho uliokuwa juu kwenda uliokuwa chini, takriban sentimita moja kwa saa. Huingia ndani ya seli kwa urahisi, lakini kutoka huhitaji protini ziitwazo PIN, ambazo nyingi hukaa upande wa chini wa seli.

Pingamizi zito lilikuja mwaka 1998, kutoka kwa Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Njia ya oksini ilipozibwa kwa kemikali ya NPA, miche ya mwangani ilidumaa, lakini ya gizani ilirefuka karibu kama kawaida. Mbona basi njia isihitajike gizani? Nakubali kwamba urefu pekee unaweza kuendeshwa na homoni nyingine, jiberelini mojawapo. Lakini mche huohuo wa gizani, ukiwa na NPA ya kutosha, ukimulikwa kutoka upande mmoja hushindwa kupinda.