Rufaa ya Santuri Zilizoshindwa

Mwishoni mwa 1965 Frank Wilson, mtunzi kijana wa kampuni ya Motown, aliimba mwenyewe wimbo mmoja wa mwendo wa kasi uitwao "Do I Love You (Indeed I Do)". Zikapigwa nakala za majaribio, kisha mpango wa kuutoa ukavunjika. Wilson akarudi kwenye kazi ya kuwatengenezea wengine nyimbo, na nakala zile karibu zote zikaharibiwa kabla hazijafika madukani. Mwaka 2009 nakala moja iliyonusurika iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000, na 2020 nakala ya wimbo huohuo ikapita pauni 100,000. Anayesikia bei hizo husema fedha zimewazidi watu akili. Mimi naona bei ni moshi tu. Moto wenyewe ni ubishi. Kwa miaka mingi, katika kumbi za dansi za kaskazini mwa Uingereza, vijana wa miji ya viwanda na migodi walishindana kwa maneno na kwa miguu juu ya waimbaji weusi wa Marekani ambao Marekani yenyewe ilikuwa imewasahau, na katika kushindana huko wakatengua hukumu nyingi ambazo soko lilikwisha kuzitoa.

Ubishi wa mashabiki wa muziki hauna sifa nzuri. Mmoja anataja mwimbaji wa soul ambaye hakuna amjuaye, wa pili anajibu kwa kundi la disko lililotoa santuri moja likatoweka, wa tatu anaapa kwamba mkali wa kufokafoka asiyewahi kupigwa redioni ndiye aliyewazidi wote. Kwa mtazamaji hayo ni majigambo ya watu wasio na shughuli. Nadhani mtazamaji anakosea, na kisa cha Uingereza kinaonyesha anakosea wapi. Ubishi wa namna hii ni rufaa. Wimbo ulioshindwa mara ya kwanza unarudishwa mbele ya mahakama nyingine, yenye mizani tofauti. Na kama ilivyo kwa mahakama yoyote, thamani ya hukumu inategemea ushahidi ulipimwaje.

Tuanze na hukumu ya kwanza. Katika miaka ya 1960 miji kama Detroit, Chicago na Philadelphia ilijaa kampuni ndogondogo za kurekodi, nyingine zikiwa na chumba kimoja na mwenye mali mmoja. Zilikuwa na wapigaji hodari. Wengine walikuwa walewale waliopiga Motown mchana na kwa jirani usiku. Zilichokosa ni njia. Ili santuri ifike sokoni ilihitaji msambazaji wa kuibeba, redio ya kuipiga, na mtaji wa kusubiri malipo ya mauzo ya kwanza kabla ya kuchapisha nakala za pili. Kampuni ndogo ilipokosa kimojawapo, wimbo ulizikwa katika wiki zilezile ulizotoka, uwe mzuri au mbaya. Kwa hiyo tunaposema wimbo ulishindwa, mara nyingi tunamaanisha kwamba gari halikufika. Masikio ya watu hayakupata nafasi ya kuukataa.

Zikiwa zimekosa wanunuzi kwao, santuri hizo ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingi zikavuka Atlantiki. Mpenzi mkubwa wa muziki huu, Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri jijini London, aligundua kwamba mashabiki wa mpira waliotoka kaskazini kufuata timu zao walipoingia dukani hawakutaka muziki mpya wa funk uliovuma wakati huo. Walitaka soul ya zamani kidogo, ya kasi, yenye ngoma nzito inayokwenda sawia na hatua ya mguu. Akaipa jina la soul ya kaskazini, na mwaka 1970 akaliandika gazetini. Jina, basi, halikutokana na mahali muziki ulikopigwa. Lilitokana na mahali ulikosikilizwa. Sijui muziki mwingine mwingi uliopewa jina la wasikilizaji wake. Vituo vyake vilikuwa Twisted Wheel ya Manchester, kisha The Torch ya Stoke-on-Trent, kisha Blackpool Mecca, na maarufu kuliko vyote Wigan Casino, iliyofunguliwa Septemba 1973 na kufungwa Desemba 1981. Watu walikesha pale hadi asubuhi bila hata kuuziwa pombe, ingawa vidonge vya kuzuia usingizi vilipita mikononi kwa wingi na polisi walilijua hilo.

Sasa mizani. Katika kumbi hizi maoni hayakuishia mdomoni. Dijei aliyedai kwamba santuri fulani ni hazina aliiweka juu ya mashine, na sakafu ikaamua mbele ya macho yake: ama ilijaa, ama watu walikwenda kunywa soda. Kulikuwa pia na jambo la ajabu zaidi. Madijei, kwa kulinda siri zao, walifunika jina lililochapishwa katikati ya santuri na kubandika jina la uongo, ili mpinzani asijue aitafute wapi. Wimbo wa Frank Wilson wenyewe ulichezwa kwanza kwa jina la Eddie Foster. Kule Bronx, New York, wakati huohuo, DJ Kool Herc, ambaye sherehe yake ya Agosti 1973 huhesabiwa kuwa chimbuko la hip-hop, aliziloweka santuri zake majini mpaka karatasi za majina zikabanduka. Pande zote mbili nia ilikuwa uchoyo mtupu. Lakini uchoyo ule ulizaa kipimo cha haki kuliko vyote: mchezaji alisikia wimbo bila jina, bila sura, bila sifa ya kampuni, bila kujua kama ni ghali au rahisi. Mhakiki gani wa gazeti amewahi kujiweka katika hali hiyo?

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, tena lenye nguvu: kwamba hawa hawakupenda muziki, walipenda uhaba. Kitu alicho nacho kila mtu hakina heshima. Alicho nacho mmoja tu ni lulu. Siwezi kulikanusha lote. Wapo waliosaka santuri kama wengine wanavyosaka stempu, na zipo nyimbo dhaifu zilizopigwa kwa sababu tu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Ila tutazame kilichotokea uhaba ulipokwisha. Mwaka 1979 Motown ya Uingereza ilikubali shinikizo la mashabiki na kuutoa rasmi wimbo wa Wilson, kwa bei ya santuri ya kawaida. Kama uhaba ndio uliokuwa utamu wake, wimbo ungepoa mwaka uleule. Haukupoa, hadi leo ni wimbo wa taifa wa watu hawa. Santuri ya 1965 ni jambo moja, na hiyo ndiyo inayouzwa kwa bei ya nyumba. Wimbo ni jambo jingine, na huo kila mtu anao.

Mfano wa pili uko wazi zaidi. Gloria Jones aliimba "Tainted Love" katikati ya miaka ya 1960 kama wimbo wa upande wa pili wa santuri, na upande wa kwanza wenyewe haukuuzika. Dijei wa Kiingereza akaiokota Marekani miaka ya 1970 na sakafu za kaskazini zikaipenda. Mwaka 1981 vijana wawili wa Leeds, Soft Cell, wakaurekodi upya kwa vinanda vya umeme, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na kusikika duniani kote. Wimbo haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba safari hii ulikuwa na njia.

Mahakama hii pia ilikosea, na uzuri wake ni kwamba ilijisuta yenyewe. Mwaka 1975 jina la Wigan lilipoanza kuvuta biashara, nyimbo nyepesi zilizobandikwa jina la mji huo ziliingia kwenye chati, na mashabiki wa kweli wakazikana kwa aibu. Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa kati ya kumbi mbili. Wigan ilishikilia soul ya kasi ya miaka ya 1960. Blackpool, chini ya madijei Ian Levine na Colin Curtis, ilianza kuchanganya rekodi mpya za miaka ya 1970 zenye mwendo laini zaidi, zilizokuwa zikielekea kwenye disko. Wapinzani walifikia hatua ya kubeba mabango ya kutaka Levine aondoke. Walichogombania hakikuwa kidogo: je, soul ni sanduku lililofungwa mwaka fulani, au ni mti unaoendelea kuchipua? Nani alishinda? Naona wote wawili. Msimamo wa Wigan ndio uliohifadhi nyimbo za zamani zisipotee. Msimamo wa Blackpool ulimpeleka Levine kwenye disko ya kasi ya London, na 1984 akatengeneza "High Energy" ya Evelyn Thomas. Na Frank Wilson, wakati vijana hawa wanatafuta sauti yake ya 1965, alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa watayarishaji wa "Keep On Truckin'" ya Eddie Kendricks, wimbo ulioongoza chati za Marekani mwaka 1973 na kuifungulia disko mlango. Waliokuwa wakigombana juu ya soul na disko walikuwa, bila kujua, wakigombana juu ya kazi ya mtu yuleyule.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Santuri kuukuu ikiuzwa kwa pauni elfu, mwimbaji hapati hata senti; muuzaji na mnunuzi ndio wanaopeana. Na lile jina la uongo lililobandikwa juu ya santuri lilimnyang'anya mtu hata sifa. Hapa sioni utetezi kamili, na anayeusifu utamaduni huu bila kulitaja hilo anasimulia nusu ya habari. Katika kufokafoka na muziki wa madijei deni ni kubwa zaidi. Kundi la The Winstons lilitoa "Amen, Brother" mwaka 1969, upande wa pili wa santuri. Sekunde chache za ngoma zilizopigwa na Gregory Coleman zikakatwa na kurudiwa katika maelfu ya nyimbo za watu wengine. Coleman alifariki 2006 akiwa fukara. Miaka tisa baadaye mashabiki wa Uingereza walichangishana wakamfikishia kiongozi wa kundi, Richard Spencer, takriban pauni 24,000, akashukuru. Ni sadaka, si haki. Hata hivyo tujiulize mbadala ulikuwa nini. Bila ubishi wa mashabiki, mwimbaji wa Marekani Major Lance asingerekodi moja kwa moja The Torch mwanzoni mwa miaka ya 1970, wala mwenzake Tommy Hunt asingepata jukwaa la Wigan wakati nyota yake ilikuwa imezama kwao. Na kampuni za kutoa upya nyimbo, kama Kent ya London tangu 1982 na Numero Group ya Chicago tangu 2003, zisingejua milango gani ya kugonga zikitafuta wenye haki. Mashabiki hawakulipa deni, lakini ni wao waliotunza daftari.

Kwetu Afrika Mashariki soul ilifikishwa mbele ya mahakama ya aina nyingine. Novemba 1969 serikali ya Mkoa wa Pwani ilipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unapotosha vijana na ni utamaduni wa kigeni. Barua zikamiminika magazetini, na baadhi ya waandishi wakajibu kwamba muziki wa wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani hauwezi kuitwa wa kigeni Afrika. Hoja hiyo bado ina makali, lakini iliamuliwa kwa amri, si kwa sakafu. Sakafu ilitoa jibu lake taratibu: miaka michache tu baadaye kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilikuwa likichanganya soul, roki na midundo ya nyumbani, na rekodi zake za 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya na kampuni ya Strut ya London mwaka 2016. Miaka mitatu kabla, Soundway, pia ya Uingereza, ilikuwa imetoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, zikiwemo zilizonusa soul na disko waziwazi. Inauma kidogo kwamba rufaa zetu zilisikilizwa London. Sababu si kwamba Waingereza wana masikio bora. Ni kwamba kule tayari kulikuwa na watu waliozoea kubishana juu ya santuri ambazo hakuna aliyezitaka.

Atakuwepo wa kusema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, maana leo kila wimbo uko kwenye simu. Kwanza, si kila wimbo. Pili, mashine ya simu hupendekeza kwa kufuata waliokwisha kusikiliza, kwa hiyo wimbo ambao haujasikilizwa na mtu unabaki palepale ulipokuwa msambazaji alipokataa kuubeba. Bado anahitajika mtu mbishi wa kuuchomoa. Na kwa upande wetu muda si mwingi. Santuri ya Detroit ilikaa ghalani miaka kumi ikatoka inalia vizuri. Kazi za kwanza za kufokafoka Tanzania, kuanzia mkusanyiko wa Saleh Jabir wa 1991 hadi makundi ya kabla Radio One haijaanza kurusha matangazo mwaka 1994, zilizunguka kwenye kanda za kaseti, nakala ya nakala, nyingi zikiwa na majina ya wasanii yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya gundi. Utepe wa kaseti hunyauka, hushikwa na ukungu, hutafunwa na redio mbovu. Wanaokumbuka nani alichana mistari katika kanda ipi wanakaribia au wamevuka miaka hamsini, na bado hawajakubaliana nani alikuwa mkali kuliko wote.