Reli ya kwenda Geita: dhahabu siyo hoja

Wadau, kila tukiongelea reli ya Geita lazima mtu aseme, "dhahabu ipo, reli itajilipa." Hapo tunajidanganya. Dhahabu inaondoka kwa ndege, na hata ile ya mwaka mzima ya mgodi mkubwa wa Geita haijazi behewa moja!

Tuangalie kilichopo. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, Geita ikabaki pembeni. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, nayo inapita upande huo huo wa Shinyanga.

Mimi napendekeza tawi: Isaka, Kahama, Kakola mpaka Geita. Kwenda libebe saruji, mafuta, mitambo na kemikali za migodini. Kurudi libebe mpunga na pamba. Treni ikirudi tupu, gharama ya safari zote mbili inaangukia mzigo wa kwenda, na mwenye mzigo atarudi kwenye lori.

Halafu tukumbuke, mgodi unaisha. Buzwagi, pale pale Kahama, ulisimamisha uzalishaji 2021. Reli ya kutegemea mgodi itakufa na mgodi. Mkulima wa mpunga atakuwepo bado, ila leo faida yake inaliwa na nauli ya lori.

Wadau wa Kahama na Geita, gunia moja mnalisafirisha kwa bei gani? Tupeni maoni hapo chini, maana hesabu inaanzia hapo.